Kupatwa kwa Jua na Mwezi, na Hesabu ya Miezi Yetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliendesha jua na mwezi kwa hesabu isiyokosea. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu hapa Nairobi huulizwa mara kwa mara maswali matatu juu ya jambo hili. Wayauliza ndugu zetu waliotoka pwani wakakaa mjini, Kibera, Kawangware na Westlands, na wayauliza pia jamaa zao waliobaki Mombasa, Malindi na Lamu. La kwanza: jua na mwezi hupatwa vipi? La pili: ikiwa wataalamu waweza kuitaja siku na saa ya kupatwa miaka mingi kabla, yawaje tena tuambiwe kuwa ni ishara ya Mwenyezi Mungu? La tatu: je, kupatwa huku kuna faida yoyote katika kuijua miezi yetu, ambayo kwayo twafunga, twahiji na kusali Idi? Tutajibu kwa utaratibu huo, na tunamwomba msomaji asiliruke jibu la kwanza, kwani mawili yaliyobaki yamejengwa juu yake.

YALIYOONEKANA NAIROBI MWAKA 2010

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, ukiwa ni mwisho wa mwezi wa Muharram 1431, jua lilichomoza Nairobi likiwa zima. Baada ya muda usiotimia saa moja, ukingo wake ukaanza kumegwa kidogo kidogo. Ilipopita saa mbili asubuhi mwezi ulikuwa umeingia katikati ya jua barabara, na lililobaki la jua likawa ni pete ya moto iliyouzunguka weusi wa mwezi. Pete hiyo ilidumu kwa karibu dakika 7, kisha mwezi ukatoka kama ulivyoingia. Kivuli kilichopita juu ya mji wetu siku hiyo kilianzia nchi ya Afrika ya Kati, kikapita Kongo, Uganda, Kenya na Somalia, kikavuka Bahari ya Hindi mpaka visiwa vya Maldives, na kikaishia Uchina. Huko baharini pete ilidumu dakika 11 na sekunde 8, na wanafalaki wamehesabu kuwa pete ndefu kuliko hiyo haitaonekana duniani mpaka mwaka 3043.

Waliotazamia kiza hawakukipata. Mwanga ulififia, na joto la asubuhi likapungua, lakini mchana ulibaki kuwa ni mchana. Na palipokuwa na miti yenye majani mengi, kila upenyo baina ya majani ulichora ardhini pete ndogo ya mwanga, hata chini ya mti mmoja zikawa pete mia kwa mia. Kwa nini jua lilifunikwa katikati na lisifunikwe lote? Na kwa nini Nairobi ikaona pete, na miji iliyo mbali ikaona jua lililomegwa tu? Jibu la yote mawili limo katika mfano ufuatao.

MFANO WA TIKITI NA CHUNGWA

Jua lina upana wa kilomita 1,392,000. Dunia yetu ina upana wa kilomita 12,742, na mwezi kilomita 3,474. Kutoka hapa mpaka juani ni kiasi cha kilomita milioni 150, na mpaka mwezini ni kiasi cha kilomita 384,000. Akili haizishiki tarakimu hizi upesi, basi na tuzipunguze zote kwa kipimo kimoja.

Tufanye kwamba jua ni mpira mkubwa wenye upana wa mita 37, yaani kama jumba la ghorofa kumi na zaidi, nao umewekwa katikati ya mji wa Nairobi, karibu na Msikiti wa Jamia. Kwa kipimo hicho dunia yetu ni tikiti kubwa la sentimita 34, nalo tumeliweka magharibi, huko Westlands, mwendo wa kilomita 4. Na mwezi ni chungwa la sentimita 9, linalolizunguka lile tikiti kwa umbali wa mita 10 tu. Msomaji wa pwani aweza kuchagua katika mji wake mahali pawili palipoachana kwa kilomita 4, na mfano utakuwa ni ule ule.

Sasa mtu asimame kwenye tikiti na alielekee jua. Chungwa li dogo mara 400 kuliko ule mpira, lakini vile vile li karibu naye mara 400. Kwa hivyo machoni pake vitu hivi viwili vina ukubwa unaokaribiana sana, na chungwa likipita mbele ya mpira laweza kuufunika. Huku ndiko kupatwa kwa jua. Jua lenyewe halikudhurika wala halikuzimika. Mwezi umeingia baina yetu nalo, na kivuli chake kimetuangukia.

Kivuli cha chungwa kina umbo la pia: ni kipana penye chungwa lenyewe, kisha huzidi kuwa chembamba hata kikaishia nukta. Urefu wake ni kama mita 10, nao ni karibu sawa na umbali uliopo mpaka kwenye tikiti. Hapa ndipo yatokapo mambo yote tuyaonayo. Njia ya mwezi si duara kamili. Mara nyingine chungwa husogea mpaka mita 9 na nusu, na mara nyingine huenda mbali hata karibu mita 11. Likiwa karibu, ncha ya kivuli huligusa tikiti, na watu walio pale kwenye ncha huona jua limefunikwa lote, nyota hujitokeza mchana na ndege hurudi vioteni. Likiwa mbali, ncha haifiki, na walio mkabala nayo huona pete. Asubuhi ile ya Nairobi mwezi ulikuwa umebakiwa na siku 2 tu kufikia upeo wa umbali wake, nayo dunia, kama ilivyo kila mwanzo wa Januari, ilikuwa katika siku zake za kulikaribia jua. Mwezi ukaonekana mdogo na jua likaonekana kubwa, ndipo ikawa pete. Al-Battani, mwanafalaki wa Raqqa aliyefariki mwaka 929, alikwisha kuonyesha kuwa upana wa jua machoni petu hubadilika, na kwamba kupatwa kwa pete kwawezekana.

Na hiyo ncha ya kivuli ni ndogo mno. Juu ya tikiti letu haizidi upana wa milimita 7, ambayo ni kiasi cha kilomita 270 juu ya ardhi. Kwa hivyo kupatwa kikamilifu huonekana katika ukanda mwembamba tu, na walio nje ya ukanda huo huona jua limemegwa sehemu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 3 Novemba 2013: kiza kamili kilipita kaskazini mwa Kenya upande wa Ziwa Turkana kwa muda wa sekunde chache, na Nairobi ikaona sehemu. Kabla yake, tarehe 16 Februari 1980, kiza kamili kilipita Taita na pwani ya Kenya, na tarehe 30 Juni 1973 kilipita Loiyangalani.

MBONA HALIPATWI KILA MWEZI?

Msomaji mwerevu atauliza: madhali mwezi hupita upande wa jua kila mwisho wa mwezi, mbona jua halipatwi kila mwezi? Jibu ni kwamba njia ya mwezi imeinama. Haikulala sawasawa na njia ya jua, bali imepishana nayo kwa kiasi cha nyuzi 5. Katika mfano wetu, chungwa laweza kupita hata sentimita 90 juu ya mstari uliounga jua na tikiti, au sentimita 90 chini yake, na tikiti lenyewe ni la sentimita 34 tu. Kwa hivyo miezi mingi kivuli huikosa dunia kikapita juu au chini yake. Ziko sehemu mbili tu ambapo njia hizi mbili hukatana. Mwezi na jua vikikutana karibu na mojawapo ya sehemu hizo, hapo ndipo kupatwa kutokeapo, na wakati wake hurudi kila inapokaribia miezi sita.

Wanafalaki wa Kiarabu waliziita sehemu hizo mbili kichwa cha joka na mkia wa joka. Ni majina tu, kama vile wavuvi wetu wanavyozipa nyota majina ya wanyama. Nao Wahindi wana kisa chao cha kale juu ya Rahu alimezaye jua. Basi yule anayesema kuwa joka limeumeza mwezi, akatoka kugonga masufuria ili aliogofye liutapike, amelichukua jina la hesabu akalifanya mnyama. Lau angalijua kuwa joka hilo ni makutano ya mistari miwili, angaliyaacha masufuria yake jikoni.

MWEZI KUPATWA

Kupatwa kwa mwezi ni kinyume cha hayo. Hapo chungwa liko upande wa pili, nyuma ya tikiti, na kivuli cha tikiti ndicho kinachoangukia chungwa. Kivuli hicho, kwa umbali ulipo mwezi, kina upana wa sentimita 24 katika mfano wetu, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya upana wa chungwa. Ndiyo sababu mwezi waweza kukaa ndani yake muda mrefu. Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 ulikaa katika kivuli kizima dakika 103, na hakuna mwingine utakaofikia muda huo katika karne hii. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 ulikaa dakika 82, kuanzia saa mbili na nusu za usiku kwa saa zetu.

Na kwa kuwa ni mwezi wenyewe ulioingia kivulini, kila aliye upande wa dunia wenye usiku huuona umepatwa kwa wakati mmoja, ikiwa hakuna mawingu. Wekundu wake si damu, wala si alama ya vita. Hewa iliyoizunguka dunia hupinda miali ya jua na kuipeleka kivulini, na katika safari hiyo rangi nyekundu ndiyo ipitayo kwa wingi, kama tuonavyo jua linapotua.

HESABU HAIONDOI ISHARA

Sasa twaja kwenye swali la pili. Mwaka wa 10 wa Hijra alifariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.) kwa Bibi Maria, akiwa bado ni mtoto mchanga. Siku hiyo jua likapatwa. Wanafalaki wameihesabu kuwa ni tarehe 27 Januari 632, mwisho wa Shawwal. Watu wa Madina wakasema kuwa jua limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Na tuitazame hali ilivyokuwa. Baba amefiwa, na watu wanamletea heshima ambayo hakuiomba, nayo ingalizidi kumtukuza machoni pao. Mtume hakuikubali. Aliwasalisha, kisha akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, wala hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na kwamba wayaonapo hayo wakimbilie sala na dua.

Ikiwa jua halikupatwa kwa kufa mwana wa Mtume, basi litapatwaje kwa kufa mfalme, au kwa kuchaguliwa mkubwa fulani, au kwa mimba ya mwanamke wa mtaani? Wako mpaka leo wanaowafungia wake zao wajawazito vyumbani jua linapopatwa, eti mtoto asizaliwe na alama. Na wako wapiga ramli wanaoingojea siku hiyo ili wauze hirizi za kinga. Haya hayana asili katika dini wala katika ilimu. Wanawake wa zama za Mtume hawakufungiwa. Bibi Aisha na dada yake Bibi Asma walisali sala ya kupatwa pamoja na watu.

Lakini yuko na mwingine aliyekosea kwa upande wa pili. Huyu husema: madhali yote yamehesabiwa, hapana ishara yoyote, na sala ni ya nini? Twamjibu kwamba ishara si lazima iwe jambo la ghafula. Usiku na mchana vimehesabiwa dakika kwa dakika, na magharibi ya kesho imekwisha kuandikwa katika kalenda iliyotundikwa msikitini, na juu ya hayo Qurani yavitaja usiku na mchana kuwa ni ishara, na katika Sura ya Yasin yatukumbusha kuwa jua na mwezi kila kimoja kina njia yake. Kule kuhesabika ndiko ishara yenyewe. Viumbe vikubwa namna ile havikengeuki njia yao, na sisi twaamrishwa tukakengeuka.

Wala haya si mapya. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alionya katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa kwamba anayedhani kuwa kuikanusha hesabu ya kupatwa ni kuitetea dini, huyo ameidhuru dini. Mwenye kuijua hesabu hiyo kwa dalili hataitilia shaka, bali ataitilia shaka dini iliyotetewa kwa njia ile. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na maana yake bado ni mapya katika mitaa yetu. Tofautisheni, ndugu zetu, baina ya falaki na unajimu. Falaki yasema mwezi utakuwa wapi saa fulani, na kila mwenye macho aweza kuthibitisha. Unajimu wasema nani atatajirika na nani atafiwa, na hilo ni ghaibu asiyoijua ila Mwenyezi Mungu.

KUPATWA NA MWANDAMO

Tumefika kwenye swali la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, kwani kila mwaka twaona nyumba moja ina watu wawili, mmoja amefunga na mmoja amekula Idi.

Mwezi hukutana na jua mara moja katika kila siku 29 na nusu na kidogo. Mkutano huo wanafalaki huuita iktirani. Baada yake ndipo mwezi hujitenga na jua, na ukishajitenga vya kutosha huonekana magharibi kama uzi mwembamba. Miezi mingine yote iktirani hujulikana kwa hesabu tu, na asiyeiamini hesabu aweza kusema hakuiona. Lakini siku ya kupatwa kwa jua iktirani huonekana kwa macho. Mkulima huiona, na mvuvi, na mtoto wa chuoni. Weusi ulio mbele ya jua ndio mwezi, nao bado haujajitenga nalo. Kutokana na haya yafuata mambo matatu.

Kwanza, jioni iliyotangulia siku ya kupatwa haikuwezekana mwandamo kuonekana, kwani mwezi ulikuwa bado haujalifikia jua. Jioni hiyo ulitua kabla ya jua. Anayeshuhudia kuwa aliuona ameona kitu kingine.

Pili, jioni ya siku ile ile ya kupatwa, hapa kwetu, pia haiwezekani. Haijapata kuthibiti kuwa jicho tupu limeuona mwandamo ambao tangu iktirani haujatimiza saa 15. Na hata jua likipatwa hapa kwetu mara tu linapochomoza, mpaka kutua kwake ni saa 12 tu. Siku ile ya mwaka 2013 jua lilikuwa bado limemegwa na hali limekaribia kutua. Nani angaliweza kuuona mwandamo jioni hiyo? Na tarehe 1 Septemba 2016 pete ilionekana Rujewa, mkoa wa Mbeya, Tanzania, karibu na saa sita mchana. Jioni hiyo hiyo watu wa Saudia walikuwa wakiutafuta mwandamo wa Dhulhija 1437. Haukuonekana. Wakatimiza siku 30, Dhulhija ikaanza tarehe 3, na Idi ikawa tarehe 12. Jicho na hesabu vilisema neno moja.

Tatu, mwezi haupatwi ila unapokuwa mpevu, mkabala na jua. Basi usiku wa kupatwa mwezi ni usiku wa 14 au wa 15, na mara chache huwa wa 13 au wa 16. Ule wa Septemba 2025 ulikuja siku chache tu baada ya Maulidi, kama ilivyopasa. Mtu akijikuta kwa hesabu yake usiku wa mwezi kupatwa ni wa 10 au wa 18, na airudie hesabu yake, kwani aliuanza mwezi wake pasipokuwa mahali pake.

Wazee wetu wa pwani wana dalili nyingine ya jambo hili, ijapokuwa hawakuisoma vitabuni. Muulizeni mvuvi mzoefu kama amepata kuona jua au mwezi umepatwa wakati wa maji mafu. Atasema hapana. Kupatwa huja majira ya bamvua, kwa sababu bamvua nalo hutokana na jua na mwezi kuwa katika mstari mmoja, zikayavuta maji kwa pamoja.

Wala wanavyuoni wa kale hawakughafilika na hoja hii. Ilisimuliwa na al-Waqidi kuwa Ibrahim alifariki tarehe 10 ya mwezi. Ibn Taymiyya akaikataa kauli hiyo, kwa kuwa jua lilipatwa siku hiyo, na jua halipatwi ila mwisho wa mwezi mwezi unapofichika. Naye Taqiyuddin al-Subki, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 756 wa Hijra, alisema kuwa hesabu ya yakini ikionyesha kwamba mwandamo hauwezi kuonekana, ushahidi wa aliyesema ameuona haukubaliwi, kwani huenda amekosea. Wako wanavyuoni wa baada yake waliompinga katika hilo, na kila mmoja ana hoja zake.

Sisi hapa hatuufungui mjadala wa kama mwandamo wa nchi moja watosha kwa nchi zote, wala kama hesabu yaweza kusimama mahali pa kuona. Mjadala huo una mahali pake na watu wake. Tulisemalo ni dogo kuliko hilo, na twadhani pande zote mbili zaweza kulikubali: ushahidi wa mtu mmoja au wawili waliouona uzi wa mwezi kwa kitambo haupigani na ushahidi wa mji mzima uliouona mwezi huo huo ukiwa mbele ya jua. Lau tungaliliafiki hili moja tu, baadhi ya fitina zetu zingalikwisha.

YATUPASAYO

Sala ya kupatwa ni suna iliyotiliwa mkazo. Ni rakaa mbili, na ukamilifu wake ni kila rakaa kuwa na visimamo viwili na rukuu mbili. Haina adhana wala ikama, bali watu huitwa kuja kusali kwa pamoja. Wakati wake ni tangu kupatwa kuanza mpaka kuondoka, na juu yake yapendeza kutoa sadaka, kuomba dua na kuomba msamaha. Hapa ndipo ile hesabu inapotufaa. Imamu aliyejua saa kabla huwatangazia watu, na asiyejua huamshwa na kelele za masufuria, na wakati umekwisha kupita.

Vile vile yatupasa kuyahifadhi macho. Kuutazama mwezi uliopatwa hakuna madhara yoyote. Kulitazama jua lililopatwa kwa jicho tupu ni hatari kubwa, kwani utando wa ndani wa jicho huungua bila ya kuhisi maumivu. Beseni la maji, kioo kilichotiwa masizi na picha za eksirei havikingi. Itumiwe miwani maalumu ya kutazamia jua, au ile njia ambayo Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965, aliiandikia risala kamili: mwanga upitishwe katika tundu ndogo, na sura ya jua itazamwe ukutani au kwenye karatasi, hali umelipa jua mgongo. Walioziona pete chini ya miti ya Nairobi waliiona njia hiyo bila ya kuifundishwa.

Tarehe 2 Agosti 2027, mwisho wa Safar 1449, jua litapatwa kikamilifu juu ya mji mtukufu wa Makka mchana, kwa zaidi ya dakika 5, na sisi wa Kenya tutaliona limemegwa sehemu. Haya yamehesabiwa na kukamilika. Lililobaki halimo katika hesabu ya falaki, nalo ni namna tutakavyoipokea siku hiyo. Walimu wa vyuo na waitwae taa, tikiti na chungwa na wawafahamishe watoto tangu sasa. Misikiti, ya mjini na ya vitongojini, ya Nairobi na ya pwani, na itangaze saa ya sala mapema. Wanaume na wasiwafungie wake zao, bali watoke nao kusali. Na wale wanaokaa kuuandama mwezi na waiandike tarehe hiyo, kisha wautazame mwandamo wa Rabiul Awwal umeonekana lini, ili wajifunze kwa macho yao wenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuliko taufiki.